Nani Kala Mwanga wa Kona? Washukiwa Kumi, Tukihesabu Kwenda Chini

Umepiga picha kwa kamera ya mfukoni, ile yenye lenzi pana inayomeza ukumbi mzima pamoja na waliokuja bila kualikwa. Katikati mambo ni safi. Ila kwenye kona nne jua limeshazama, ilhali ulipiga saa sita mchana. Rafiki mmoja anakwambia lenzi ni mbovu. Mwingine anakwambia hiyo ni sanaa, na huyo wa pili ndiye aliyekuuzia.

Kabla hujaitupa kamera wala kujiita msanii, tufanye uchunguzi. Giza la kona lina washukiwa wengi, na wengi wetu humkamata wa kwanza anayepita. Hapa nimewapanga kumi kwa kipimo kimoja tu, nacho ni ubishi. Nambari kumi anatibika kwa kusogeza kidole. Nambari moja hatibiki hata ukimletea mabingwa wa Berlin, na wameshaletwa.

Kifaa cha uchunguzi ni ukuta mweupe ulioangazwa sawasawa. Upige mara kadhaa: kwanza tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, tuseme f/2.8, kisha f/4, f/5.6 na f/8. Namba ikipanda, tundu linapungua. Usiniulize nani aliamua hivyo. Picha hizo hazitashinda tuzo yoyote, lakini ndizo ushahidi wetu. Haya, waingie mmoja mmoja.

10. Kidole chako mwenyewe

Tuanze na wa nyumbani. Kamera imepungua hadi ikaingia mfukoni. Mkono wako haukupungua. Lenzi ya milimita 28 kwenye filamu ya milimita 35 inaona upana wa nyuzi 75 hivi kutoka kona hadi kona ya mkabala, na kidole kilichojipumzisha ubavuni mwa kamera kimo humo ndani, kinahudhuria. Kwa kuwa kiko karibu mno, hakitoki na kucha wala pete. Kinatoka wingu la kahawia lisilo na ukingo. Wapo waliopeleka kamera kwa fundi, wakiibeba kwa mkono uleule wenye hatia.

Dalili yake ni moja: giza la kidole hukaa kona ileile unayoshika. Giza la lenzi halina upendeleo, hugawa kwa kona zote nne.

Usione haya. Zeiss Ikon walipotoa kamera ya Hologon mwaka 1969, lenzi yake ya milimita 15 ilikuwa pana kiasi kwamba iliwekewa mshikio wa chini wa mtindo wa bastola, ili vidole vya mpiga picha vibaki nje ya picha. Wajerumani na mahesabu yao yote, nao walilazimika kukipangia kidole mahali pa kukaa.

*Ubishi: 0/10. Anakiri ukimtazama tu.*

9. Vibamba vilivyokwama

Kamera nyingi za mfukoni hazina kifuniko cha kuvua. Zina vibamba vyembamba mbele ya lenzi vinavyojifungua ukiiwasha. Ni mpango mzuri sana kwa mtu anayeishi mahali pasipo na vumbi, mchanga wa pwani, wala karanga mfukoni. Wewe si mtu huyo.

Chembe moja ikiingia, kibamba kimoja husimama nusu ya safari, na kona moja au mbili hukatwa kwa mstari. Hapo hapahitajiki nadharia. Geuza kamera uitazame usoni ikiwa imewaka. Kama jicho moja limefumba kidogo, umempata. Tumia brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, maana ukimaliza utakuwa umeondoa mchanga na kuweka mate.

*Ubishi: 1/10. Ana aibu, lakini hajifichi.*

8. Filta za ghorofa tatu

Ulinunua filta ya kulinda lenzi. Juu yake ukafunga ya kupunguza mng'ao wa maji. Juu ya hizo mbili ukaweka kinga ya jua ya lenzi nyingine kabisa, kwa hoja nzito ya kisayansi kwamba "inaingia". Kuingia si kufaa, jamani. Hata ufunguo wa jirani huingia.

Lenzi ndefu isingejali, kwa sababu inatazama mbele tu. Lenzi pana inatazama mpaka pembeni, na pembeni ndiko ulikojenga. Kinga za jua zenye umbo la ua zina shauri lao tena: zile sehemu zilizokatwa zinatakiwa zielekee kona za picha. Ukiifunga ikakaa upande, petali ndizo zinazoingia konani.

Mshukiwa huyu utamtambua kwenye ukuta wako mweupe. Kwa f/2.8 giza lake ni laini, unaweza kulidhania la lenzi. Ukifika f/8, badala ya kutoweka, linapata ukingo mkali zaidi, kwa sababu tundu dogo linavipa sura hata vitu vilivyobandikwa usoni pa lenzi. Ukiona hivyo, bomoa ghorofa moja moja.

*Ubishi: 2/10. Anaondoka ukimfungulia, ila ana risiti.*

7. Flashi fupi

Lenzi inaona nyuzi 75. Flashi ya kamera ya mfukoni mara nyingi imepangiwa kumulika eneo dogo zaidi ya hapo. Katikati panapata mchana, kona zinapata habari za mchana. Ukisogea karibu sana, lenzi iliyochomoza mbele huziba mwanga wa flashi kwa chini, na nusu duara la kivuli hukaa pale miguuni pa watu.

Halafu kuna sheria ya umbali. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: aliye mita mbili hupata mara nne ya aliye mita nne. Kwenye picha ya harusi, bi harusi anang'aa, safu ya nyuma imo kwenye mgao wa umeme, na shangazi wa kona ya kushoto ana maswali. Mwambie ni fizikia. Hatakuelewa, ila utakuwa umesema kweli.

Kumthibitisha ni rahisi. Zima flashi, upige tena penye mwanga wa kutosha. Giza likiondoka, si la lenzi.

*Ubishi: 3/10. Anazimika kwa kitufe. Shangazi hazimiki.*

6. Mbingu

Mbingu haijawahi kumwahidi mtu kwamba ni ukuta. Karibu na upeo huwa imepauka, na kadiri unavyoinua macho ndivyo buluu inavyokolea. Lenzi pana huchukua zote mbili katika fremu moja, kwa hiyo kona za juu zinatoka nzito kuliko za chini bila lenzi kutenda dhambi yoyote.

Ile filta ya kupunguza mng'ao huongeza chumvi. Sehemu ya mbingu inayoathiriwa nayo zaidi ni ile iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Lenzi pana inameza sehemu hiyo pamoja na jirani zake, ndipo unapata mbingu yenye baka la buluu ya wino upande mmoja na maziwa upande wa pili. Halafu unaandika malalamiko kwa kiwanda.

Jaribio lake halina gharama. Piga mandhari hiyohiyo mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza kamera juu chini. Giza likibaki na mbingu, ni la mbingu. Likihama na kamera, ni la kamera. Wapita njia watakutazama, lakini uchunguzi una heshima yake.

Tuwe waadilifu hata hivyo: mbingu ndiyo inayomuumbua mhalifu wa kweli. Picha ya soko lililojaa watu huficha kona nyeusi vizuri sana, kwa kuwa kila kona ina vivuli vyake tayari. Anga tupu halifichi kitu. Ndiyo maana lenzi yako ilikuwa nzima mwaka mzima, ikaugua siku ulipokwenda ufukweni.

*Ubishi: 4/10. Mara shahidi, mara mshukiwa. Mawakili humwogopa.*

5. Chumba cha giza

Jina lenyewe halimsaidii mahakamani. Lakini sikiliza kisa chake, maana kina utamu.

Kwenye negativu, sehemu iliyopata mwanga kidogo hutoka nyepesi, na ukiichapisha kwenye karatasi inakuwa nyeusi. Kwa hiyo kona zilizonyimwa mwanga na kamera hutoka giza. Sasa, mashine ya kukuzia picha nayo ina lenzi, na lenzi hiyo nayo huzinyima kona mwanga. Karatasi iliyonyimwa mwanga hubaki nyeupe. Yaani kosa la kamera linatia giza, kosa la mashine linatia weupe, na wawili hao hupunguzana makali bila kujuana. Ni nadra sana kwa wazembe wawili kukutana ukapatikana uadilifu.

Ungedhani wachapaji wa picha za nyeusi na nyeupe walishukuru wakanyamaza. Wapi! Wengi wao huongeza mwanga pembezoni mwa karatasi kwa makusudi, ili kona zikolee na jicho la mtazamaji lisitoroke nje ya picha. Walioshinda mchana kutwa wakilalamikia kona nyeusi, usiku huzitengeneza kwa mikono yao.

Filamu ya slaidi haina huruma hiyo. Haipitii negativu wala karatasi, na tofauti zake za mwanga na giza ni kali, kwa hivyo kila upungufu wa kona unaonekana wazi. Ukiisafisha slaidi kwa dawa za filamu ya negativu, kama wapenzi wa kamera za Lomo (tutawafikia kwenye nambari mbili) walivyozoea, ukali unazidi, rangi zinarukwa na akili, na kona zinazama kabisa. Hapo usimlaumu mtu. Uliichanganya mwenyewe dawa.

*Ubishi: 5/10. Nusu mkosaji, nusu mtetezi.*

4. Programu uliyoipakua kwa hiari yako

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimo kwenye simu. Hipstamatic ilikuja mwishoni mwa 2009, Instagram ikafuata Oktoba 2010, na zote zilikuja na vichujio vya kuifanya picha ya leo ionekane imetoka kabatini kwa babu. Vingi vyake viliweka nini kwenye kona? Sema mwenyewe, mimi naona haya.

Chekesho lenyewe liko ndani zaidi. Lenzi ya simu ni ndogo mno na imebanwa karibu sana na kihisi cha mwanga, kwa hiyo kona zake ni giza tangu kuzaliwa. Huzioni kwa sababu simu huzing'arisha kwa hesabu kabla picha haijafika machoni pako. Kisha wewe unafungua programu na kuchagua kichujio cha kuzitia giza. Simu inaondoa giza la kweli, programu inaweka la bandia, na chaji ndiyo inayolipia safari zote mbili.

Kwa nini tunalipenda? Kwa sababu jicho hukimbilia penye mwanga. Ukizima pembeni, uso wa katikati unapata hadhira bila kuomba. Hila hiyo ni halali. Tatizo ni kuitumia kwenye picha ya vyeti, halafu ofisa anauliza kama mhuri umeungua.

*Ubishi: 6/10. Si yeye anayekataa kuondoka. Ni wewe unayemng'ang'ania.*

3. Kihisi kisichopenda mwanga wa mshazari

Filamu ni mpokeaji mvumilivu. Mwanga uje wima, uje ubavu, chembe zake zinapokea. Kihisi cha kidijitali kina masharti. Kila pikseli ina lenzi ndogo sana juu yake, na katika vihisi vya mtindo wa zamani chini ya lenzi hiyo kuna tabaka la nyaya kabla ya kufika penye kazi. Mwanga wa wima unapita. Mwanga wa mshazari unagonga nyaya au unaingia kwa pikseli ya jirani, ambayo kwa bahati mbaya ni ya rangi nyingine. Ndiyo maana kona za kidijitali wakati mwingine hazitoki nyeusi tu, hutoka na zambarau au kijani ambacho hukukialika.

Na nani analeta mwanga wa mshazari kuliko wote? Lenzi pana na fupi, iliyokaa puani mwa kihisi. Leica walikutana na shida hiyo walipotaka lenzi zao za zamani za filamu zifanye kazi kwenye M8 ya mwaka 2006. Walizisogeza lenzi ndogo za pikseli za pembezoni zielekee kule mwanga unakotoka, kisha wakaweka alama sita kwenye shingo za lenzi ili kamera iisome lenzi iliyofungwa na kujua irekebishe kiasi gani. Mwaka 2015 Sony wakatoa A7R II, kamera ya kwanza ya fremu kamili ambayo kihisi chake kimegeuzwa nyaya zikae chini ya sehemu inayopokea mwanga. Kwa miaka yote hiyo nyaya zilikuwa zimekaa mlangoni, na sisi tunalaumu kioo.

Utasema: si kompyuta itang'arisha tu? Itang'arisha. Lakini kona iliyopungua hatua mbili za mwanga imebakiwa na robo. Kuirudisha ni kuzidisha mara nne, na kompyuta haijui kuzidisha picha ikaacha chenga. Unazidisha vyote. Giza linaondoka, chenga zinahamia. Penye mwanga mwingi hutaona tofauti. Usiku, kwa ISO ya juu, kona zitakuwa na chenga za televisheni ya zamani yenye antena ya uma. Na kama unaunganisha picha kadhaa kuwa moja ndefu, rekebisha kwanza kabla ya kuunganisha, la sivyo mbingu itatoka na milia.

*Ubishi: 7/10. Amejirekebisha sana, ila bado anataka salamu ya ana kwa ana.*

2. Lenzi yenyewe, bwana mdogo mwenye mambo makubwa

Sasa ndiyo tunafika kwa yule uliyemshuku tangu mwanzo. Hongera, ulikosea kwa nafasi moja tu.

Lenzi ni vioo kadhaa vilivyopangwa ndani ya pipa. Ukichungulia kwa kuinyoosha usawa wa jicho, tundu lake ni duara kamili. Iinamishe kidogo kidogo ukiitazama: ukingo wa kioo cha mbele unakata upande mmoja, ukingo wa kioo cha nyuma unakata wa pili, na duara linabaki na umbo la jicho la paka. Hicho ndicho kona inachokiona. Katikati panalishwa na duara zima, kona zinalishwa na kipande. Ukipunguza tundu hadi f/5.6, tundu jipya ni dogo kiasi kwamba kingo hazilifikii, na ukataji unakwisha. Kwa hiyo kwenye ukuta wako, giza linalopungua kutoka f/2.8 hadi f/5.6 ni lake. Linalobaki baada ya hapo ni la nambari moja, naye anasubiri zamu yake bila wasiwasi.

Mfano maarufu ni LOMO LC-A, kamera ndogo iliyoanza kutengenezwa Leningrad mwaka 1984, kwa kufuata umbo la Cosina CX-2 ya Japani. Lenzi yake, Minitar 1, ni ya milimita 32 na hufunguka hadi f/2.8. Ndogo, pana, na yenye tundu kubwa: mtaka yote hukosa yote, lakini mtaka lenzi ya namna hii hukosa kona tu.

Kamera hiyo hujichagulia tundu yenyewe kulingana na mwanga. Juani inajifinya na kona zinatulia. Jioni, au chini ya mawingu, au ndani ya baa, inafungua yote na kona zinazama. Mwenye nayo huapa kwamba ana kamera mbili kwenye ganda moja. Dawa ni filamu yenye wepesi zaidi, ISO 400 badala ya 100, ili kamera ipate sababu ya kujifinya hata kukiwa na mawingu. Kwenye ile ya awali unaweza pia kuweka tundu kwa mkono, ila ukifanya hivyo shata hubaki kwenye 1/60 ya sekunde, liwalo na liwe.

Mwaka 1991 wanafunzi kutoka Vienna waliikuta LC-A huko Prague, wakapenda rangi zake nzito na zile kona, na mwaka 1992 wakaanzisha chama chao cha Lomografia. Kasoro ikishapata chama inaacha kuitwa kasoro. Kamera ya awali ilikoma mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikaja LC-A+ iliyotengenezwa China. Mwaka 2011 ikafuata LC-Wide yenye lenzi ya milimita 17. Yaani walioambiwa kona zao ni giza walijibu kwa kupanua zaidi. Huo ni ukaidi wa kupigiwa makofi.

*Ubishi: 9/10. Mkandamize hadi f/5.6 atanyamaza. Hatajuta.*

1. Jiometri

Ondoa kidole, filta, flashi na programu. Chukua lenzi isiyokata mwanga popote, weka nyuma yake filamu mvumilivu. Kona bado zitakuwa giza, na hapa hakuna wa kumtia pingu.

Sababu ni nne na zinazidishana. Kona iko mbali zaidi na tundu la lenzi kuliko katikati, na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Hapo zimekwenda mbili. Tundu likitazamwa kutoka konani si duara tena, ni yai, kama sahani unayoitazama kwa ubavu. Hiyo ya tatu. Mwanga unaofika konani unatua kwa mshazari, kwa hiyo unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Hiyo ya nne. Kila moja ina thamani ya kosaini ya pembe. Zidisha zote upate kosaini kipeo cha nne, ile uliyoichukia darasani bila kujua kwamba ingekufuata hadi likizo.

Weka namba uone. Kwenye filamu ya milimita 35, lenzi ya kawaida ya milimita 50 huipa kona asilimia 71 ya mwanga wa katikati. Ya milimita 32 huipa 47. Ya 28 huipa 39. Ya 21 huipa 24. Ya 15 huipa kama 11. Na hapo lenzi haijatenda kosa hata moja. Hiyo ni sadaka ya mlangoni. Tundu likipunguzwa hadi f/16, kiwango hicho hakibadiliki.

Mabingwa hawakukaa bure. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa Hypergon, kazi ya Emil von Höegh, yenye upana wa nyuzi 135 hivi. Piga hesabu: kona inapata asilimia 2 ya mwanga wa katikati. Suluhisho lao? Gurudumu lenye umbo la nyota mbele ya lenzi, lililozungushwa kwa pumzi ya mpira wa kubinya. Likizunguka huziba katikati zaidi kuliko pembeni, na baada ya muda huondolewa ili katikati nako kupate sehemu yake. Mpiga picha wa majengo alisimama barabarani akipuliza feni mbele ya kanisa, na watu wakamwamini na pesa zao.

Wa Hologon walichagua utulivu. Lenzi yao, iliyochorwa na Erhard Glatzel, ina vioo vitatu tu na tundu lisilobadilika la f/8. Waliipa filta yenye giza katikati na uwazi pembeni. Kona hazikuongezewa mwanga. Katikati kulipunguzwa hadi wote wakawa maskini sawa, na f/8 ikawa sawa na f/16. Huo ndio usawa kwa kuwateremsha walioko juu.

Aliyekaribia kushinda ni Mikhail Rusinov, Msovieti aliyefundisha Leningrad, mji uleule ulioizaa LC-A. Katika miaka ya 1940 alipanga vioo vikubwa vilivyopinda sana mbele na nyuma, kwa namna ambayo tundu likitazamwa kutoka pembeni linaonekana limekua badala ya kusinyaa. Akaipunguza kosaini kutoka kipeo cha nne hadi karibu na cha tatu. Kipeo kimoja tu! Lakini lenzi za kupigia ramani kutoka angani zilifuata njia hiyo, na mchoraji wa lenzi Ludwig Bertele akaiendeleza kwenye lenzi yake ya Biogon. Ukitaka kujua ukali wa mshukiwa huyu, angalia jinsi watu wanavyosherehekea kumpunguzia kipeo kimoja.

Kwa hiyo deni la kona halifutwi, huhamishwa. Hypergon ililipa kwa muda na pumzi. Hologon ililipa kwa hatua mbili za mwanga. Rusinov alilipa kwa vioo vinene. Simu yako inalipa kwa chenga. LC-A pekee ndiyo iliyokataa kulipa, na ndiyo iliyopata umaarufu kuliko wote. Ukipiga picha ya ukoo au ya jengo, lipa: f/5.6, urekebishe kwenye kompyuta, na usiwaweke watu konani. Ukipiga uso wa mtu mmoja jioni, unaweza kukataa deni, mradi ujue unalikataa.

*Ubishi: 10/10. Rufaa hazipokelewi.*